Hodi Shambani

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Msimbati, hakuna mtu aliyewahi kubishana na mimi akarudi kwake na furaha, na sisemi hivi kwa kujisifu. Nimezaliwa hivyo. Marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba nililia siku nzima ya kwanza duniani kwa sababu waliniogesha maji ya baridi, na mpaka leo sijawasamehe. Kwa hiyo mkisikia kwa watu kwamba Husna aligombana na kijiji kizima kwa ajili ya mlango mmoja, msiwabishie, ni kweli kabisa. Ila waambieni wasikatishe habari katikati, maana utamu wake uko mwishoni.

Shamba lenyewe lilikuwa la mama. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na msemaji wa upande huo ni mjomba. Mama alipofariki, Mjomba Zuberi alinikalisha kwenye mkeka mbele ya ndugu wote.

"Husna," akasema, "shamba hili nakupa wewe. Lakini nakupa ulipande, sikupi ulitazame. Mikorosho ya mama yako imezeeka, haizai tena. Ukisimamisha mipya, ni lako na la binti yako baada yako. Ikikushinda, ukoo utalichukua na kulifanyia jambo lingine."

Nilikubali mbele ya watu. Nikapanda miche ya kisasa, ile ya kubebeshwa, yaani kikonyo cha mkorosho mzuri kimeunganishwa kwenye shina la mwingine, nikaipalilia kwa mikono yangu. Kiangazi kilipofika ng'ombe wakaikanyaga yote. Mwaka uliofuata nikapanda tena, na ng'ombe wakaikanyaga tena, na mihogo niliyoichanganya humo wakaila majani mpaka vikabaki vijiti. Kila kiangazi mifugo hushuka kwenda kutafuta maji upande wa mto Ruvuma, na njia yao inapita ubavuni mwa shamba langu, na shamba langu halikuwa na ua wala mpaka ambao ng'ombe angeweza kuutambua.

Nilimfuata mchungaji mmoja nikiwa na panga mkononi na matusi mdomoni. Alinisikiliza mpaka nikachoka mwenyewe. Kisha akasema kwa upole, "Mama, ng'ombe hajui kama hili ni shamba. Anachojua ni kwamba pako wazi. Ukipafunga, mimi nitawazungusha, na wao watazunguka." Nilirudi nyumbani nimekosa mtu wa kumlaumu, na hakuna kitu kinachoniudhi kuliko hicho.

Mjomba Zuberi alikuja akasimama kwenye ile miche iliyovunjika. Hakufoka. Aliokota mmoja, akauangalia, akauweka chini.

"Kuna bwana mmoja wa mjini, wa Ufukoni," akasema. "Anataka ardhi ya kukodi alime ufuta. Nimemwambia asubiri kiangazi kimoja. Ukipanda tena na miche ikafa tena, nitampa yeye. Usije ukalia kwangu, nitakuwa nimekwisha kukwambia."

Ningeweza kumjibu, maneno yalikuwa tele, lakini alikuwa na haki. Lile shamba ndilo lililonisomesha. Ndani yake mama alinifundisha kushika jembe, na kule mwisho, karibu na njia ya kisimani, ndipo alipozikwa bibi yangu. Nilipomfikiria mtu wa Ufukoni akipitisha trekta pale, nikachukua jembe nikaanza kung'oa ile miche iliyokufa.

Basi mwezi ule ule akaja Pendo. Pendo ni afisa wa mradi wa kilimo, mtu wa Mbeya, anakaa mjini, Shangani, na huja kwetu kwa pikipiki akiwa amejifunga kanga juu ya suruali kwa heshima ya wazee. Alituita kwenye ofisi ya kijiji akatueleza habari ya ruzuku. Wakulima wapande ua wa minyaa kuzunguka mashamba yao, wajaze mapengo kwa matawi ya miiba, na mradi utagharamia mageti ya mbao, kuanzia nguzo na bawaba mpaka makomeo na fundi wa kuyafunga. Ng'ombe hugeuka wakikutana na mnyaa, kwa sababu utomvu wake unachoma macho. Tatizo huwa ni pale pa kuingilia, na hapo ndipo ruzuku ilipolenga.

Watu waliguna. Wengine walisema tusubiri tuone kwanza. Mimi nilisimama nikasema waanze na langu, na nikaanza kukata vipande vya minyaa jioni hiyo hiyo.

Fundi aliyepewa kazi ni Lukasi, Mmakonde wa Newala, ambaye milango yake imejaa Msimbati yote na kuna mingine Shangani kwenye nyumba za wenye magari. Pendo alimkabidhi mchoro wa mradi: nguzo mbili, papi za kulala, yaani mbao nyembamba za kukingama, na moja ya mshazari ya kushikilia. Lukasi aliutazama mchoro ule kwa muda mrefu, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Dada Pendo," akasema, "hili ni geti la zizi."

"Ni geti la shamba, fundi."

"Litafungwa pale njiani, kila mtu atapita aulize nani kalitengeneza. Watasema Lukasi."

Alijifungia karakanani kwake, na kwa siku kadhaa tukawa tunasikia randa na patasi. Alipolileta kwenye mkokoteni, watu waliacha kazi zao. Papi za mradi zilikuwepo, ndiyo, na ile ya mshazari ilikuwepo, lakini katikati yake alikuwa amejaza mbao za mninga zilizopigwa randa mpaka zinateleza, na juu amechonga majani ya mkorosho na korosho zake zinazoning'inia. Akaweka na miimo pande zote mbili. Akaweka na kizingiti! Katikati ya uwanda, huku minyaa na huku minyaa, ukasimama mlango ambao sultani angeona haya kuupita na miguu ya udongo.

Pendo alikuja kukagua. Alipima upana, mkokoteni unapita. Akafungua na kufunga, akajaribu komeo, akarudi kwenye karatasi zake akasoma, kisha akacheka peke yake. "Wametaka liwe la mbao na liwe imara," akasema. "Hawajasema lisiwe zuri." Akapiga picha. Mimi nilisimama pembeni nimejifunga kanga mpya, nimevimba kwa furaha, na kila aliyepita nilimwita aje ashike zile korosho za kuchonga. Mvua zikaanza, nikapanda miche yangu kwa mara ya tatu.

Sasa, ndani ya shamba langu inapita njia ya kisimani. Ni ya zamani kuliko mimi, huingilia getini na kutokea kwenye upenyo wa mtu mmoja upande wa kisima, na watu wote huitumia. Hilo nililijua na halikunisumbua, kwa sababu geti lilikuwa na komeo tu ambalo hata mtoto angelisukuma. Siku ya pili baada ya kupanda, siku niliyolifunga geti kwa mara ya kwanza, nikiwa nyumbani nachambua mchele, akaingia jirani yangu Mwanakombo na ndoo tupu kichwani. Mimi na Mwanakombo tumecheza unyago pamoja, tumegombana tangu wakati huo na hatujamaliza.

"Husna, umetufungia njia," akasema kabla hata ya salamu.

"Nani kafungiwa? Komeo lile unalisukuma kwa kidole."

"Nimepiga hodi mara tatu, hakuna aliyeitika. Ulitaka niingie tu, mie mwizi?"

"Hodi shambani?" Nikaweka ungo chini. "Mwanakombo, umewahi kuipigia hodi mihogo?"

"Mihogo sijawahi. Nlango naupigia. Na ule ni nlango, wewe mwenyewe umetushikisha korosho zake."

Alikuwa sahihi, na alijua kwamba yuko sahihi, na alifurahi waziwazi. Baadaye nikasikia hakuwa peke yake. Tangu asubuhi watu walikuwa wakifika pale, wanapiga hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha wanageuka, kwa sababu kwetu mlango uliofungwa usioitikiwa mara tatu ni mlango wa mtu asiyetaka wageni. Mzee mmoja alizunguka mpaka karibu na barabara ya magari ya kiwanda cha gesi ili akafike kisimani. Kijiji kizima kilikuwa kimekasirika, na mimi nilikuwa nimekaa nyumbani nachambua mchele.

Nilizunguka nikiwaambia watu wasukume wapite, wasiulize. Wakasukuma. Wakapita. Na wakaliacha wazi.

Hapo ndipo nilipoanza kupandwa na wazimu. Kila nikienda nalikuta wazi, limeegemezwa vizuri ukutani mwa minyaa, wengine hata wameweka jiwe lisijifunge kwa upepo. Nikiwauliza, wananijibu kwa heshima zote. Kwetu mgeni akiingia nyumbani kwa mtu, hageuki kumfungia mwenyewe mlango wake. Anayefunga mlango wa mwenzake mchana ama ana neno la siri, ama analeta msiba. Mlango ukiwa wazi watu wanajua wenyeji hawana kinyongo na mtu. Kwa hiyo walikuwa wananifanyia adabu. Walikuwa wananiharibia maisha kwa adabu.

Ng'ombe wachache waliopotea kundini wakaingia siku moja na kunivunjia mstari mzima wa miche. Nilikuwa na miche ya akiba kitaluni, nikaiziba ile nafasi, lakini akiba iliishia hapo. Pendo aliposikia, alileta bango lililoandikwa vizuri: TAFADHALI FUNGA GETI. Tukalipigilia misumari. Watu wakalisoma, wakalisifia maandishi, wakapita, wakaacha wazi. Mwanakombo alisema hilo tangazo linawahusu wageni, na yeye si mgeni, amezaliwa hapa.

Nikanunua kufuli. Sitaeleza sana habari ya kufuli, kwa sababu lilikaa kidogo tu. Mjomba Zuberi mwenyewe alikuja akasimama mlangoni kwangu na fimbo yake.

"Shikamoo, njomba."

"Marahaba. Nenda kafungue."

"Njomba, miche yangu—"

"Shamba nimekupa. Njia ya maji sijakupa, wala si yangu ya kukupa. Kafungue."

Nilikwenda kulifungua huku nalia kwa hasira, na kila aliyekuwa na ndoo alisimama kunitazama. Pendo akashauri tuzing'oe zile mbao za nakshi, libaki geti la papi tupu, labda watu wataacha kuliona kuwa mlango. Lukasi alikuja na patasi. Alisimama mbele ya kazi yake akaishika mbao ya kwanza, akaniangalia. Nikamwambia aache. Haikuwa kwa kumwonea huruma tu. Nilijua kwamba hata angeliacha uchi, watu wangepita na kuliacha wazi vilevile, kwa sababu hawakuwa wanaheshimu mbao, walikuwa wananiheshimu mimi mwenye nyumba isiyokuwepo.

Siku iliyofuata nikalikuta wazi tena, na alama za miguu mbichi za ndala za Mwanakombo, ambazo nazijua, moja imekatika kisigino. Nilikwenda kwake mbio. Sikupiga hodi. Niliingia nikaubamiza mlango wake nyuma yangu mpaka vumbi likadondoka kutoka darini.

Mwanakombo aliangusha mwiko kwenye sufuria. Akashika kifua. "Nani kafa?" akauliza, na sauti yake haikuwa na ugomvi hata kidogo. "Husna, nambie taratibu. Nani?"

"Hakuna aliyekufa!"

"Sasa mbona umefunga nlango?"

"Ili uone! Mlango unafungika! Unaushika, unausukuma, basi, umefungika! Wewe geti langu linakushinda nini?"

Alikaa kwenye kigoda, akahema. Alikuwa ameogopa kweli, na mimi nikaanza kuona aibu. "Husna," akasema, "nlango wa kwangu naufunga mimi. Wa kwako utaufunga wewe. Kwani mie nina nini mle ndani? Sina hata punje. Nitafunga ili nilinde kitu gani?"

"Na kama ungekuwa na kitu mle?"

"Ningekuwa na kitu changu mle, wewe, ningefunga hata kwa mgongo."

Ugali ulikuwa unaanza kuungua na hakuna aliyenyanyuka. Nilihisi kichwa kinafunguka, na sijui hata nilisemaje, lakini nilimwambia aje kesho na mbegu zake za mbaazi.

Nilipotoka kwake nilikwenda nyumba ya pili, nikapiga hodi, nikaitikiwa, nikaingia. Nikaenda ya tatu. Nilizimaliza nyumba zote zinazotumia njia ile ya kisimani, na kila nyumba niliwaambia neno moja: kati ya miche yangu kuna nafasi, mikorosho ni midogo, haitafunga kivuli kwa miaka, njooni mchague mstari mpande mnachotaka. Mbaazi, njugu, maboga, choroko. Mtakachovuna ni chenu, mimi nitapata palizi. Watu walinitazama kwa mashaka, kwa sababu hawakuzoea kunisikia nikitoa kitu. Mama mmoja aliniuliza kama ninaumwa.

Mjomba aliniita. "Nasikia unagawa ardhi ya ukoo."

"Sigawi ardhi, njomba. Nagawa nafasi. Mikorosho ikikua, wataondoka wenyewe, kivuli kitawatoa. Na wewe wakati wa ujana wako ulimlimia mama njugu humo humo, alinisimulia."

Alikuna ndevu. "Njugu zile zilizaa sana," akasema. Kisha akakumbuka kwamba alikuja kunigombeza. "Haya. Tutaonana kiangazi."

Siwezi kueleza jinsi shamba lilivyobadilika. Lilijaa watu. Asubuhi nilikuta wanawake wameinama kila mstari, wanapalilia mbaazi zao, na wakipalilia mbaazi zao wanapalilia miche yangu, kwa sababu jembe halichagui. Hodi hawakuacha kupiga, lakini sasa kulikuwa na mtu ndani wa kuitika. Na geti lilifungwa. Nilikaa nyuma ya minyaa siku moja kuhakikisha, nikamwona yule mzee aliyezunguka mpaka barabara ya gesi. Alipita, akaweka ndoo chini, akarudi, akasukuma komeo, akalitikisa kuona kama limeshika. Alikuwa amepanda choroko. Nilimpenda mzee yule siku ile.

Mvua zikaisha. Mbaazi zikatoa maua, miche yangu ikanifika magotini. Ndipo binti yangu Nasra, aliyeolewa mjini Ufukoni, akashikwa na uchungu, na mimi nikaenda kumwuguza. Alijifungua salama, mtoto wa kike, analia kwa hasira tangu dakika ya kwanza. Mama mkwe wake alisema ni sauti yangu ile ile. Nilikuwa nimempakata kitoto kile simu ikalia. Ni Fundi Lukasi.

"Mama Nasra," akasema, "ng'ombe wameshuka. Wengi, sijawahi kuona wengi hivi. Wamesimama kwenye geti. Wa mbele kabisa wanalisukuma kwa—"

Simu ikakata. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena mpaka ya kwangu nayo ikaanza kuniomba chaji.

Nilimrudisha mtoto kwa mama yake. Nasra aliniona uso. "Mama, nenda," akasema. "Hili shamba si la kwangu pia?" Nikachukua bodaboda, nikamwambia kijana aendeshe, na njiani nikawa nasoma kila dua ninayoijua na nyingine nazichanganya. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Mara tatu nimepanda. Nikikuta miche imelala chini, leo leo Mjomba atampa mtu mwingine shamba la mama yangu, na mjukuu wangu niliyemwacha sasa hivi hatakuwa na hata kivuli cha mkorosho mmoja wa kwao.

Tulipokaribia, nikaona kwato. Ardhi yote ya nje ya minyaa ilikuwa imetifuliwa, mavi mabichi kila mahali, vumbi bado linaelea. Na pale kwenye geti wamesimama wanaume wawili. Mmoja ni Mjomba Zuberi. Mwingine sikuwa namjua, lakini viatu vyake vya mjini na jinsi alivyokuwa akiitazama ardhi vilinitosha. Bwana Ufuta. Amekuja kuchukua chake.

Nilishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama vizuri. Mjomba hakuniona. Alikuwa ameelekea geti, na geti lilikuwa limefungwa. Kizingiti kilikuwa kimekanyagwa na kuchafuka, zile korosho za kuchonga zilikuwa zimepakazwa mate ya ng'ombe na manyoya yamenasa kwenye majani ya nakshi. Lakini bawaba zilikuwa zimesimama, nguzo zimesimama, komeo limeshika.

"Hodi!" akaita Mjomba Zuberi.

Na kutoka ndani zikaitika sauti, si moja wala mbili, za wanawake walioko mistarini mwao, "Karibu!" Na juu ya sauti zote ikapanda ya Mwanakombo, "Karibu njomba, pita, ila funga nyuma yako! Ng'ombe hawajafika mbali!"

Mjomba alisukuma komeo akaingia. Yule bwana wa mjini alikuwa akikwepa mavi ya ng'ombe kwa ncha za viatu, akachelewa hatua mbili. Mjomba aligeuka, akamtazama, akaangalia mistari ya kijani nyuma yake mwenyewe, kisha akamtazama tena. Akalifunga geti. Nilisikia komeo likiingia mahali pake.

"Bwana," akasema kutokea ndani, juu ya mlango, kwa adabu kabisa, "nimekusumbua bure. Shamba hili lina wenyewe."

Nilimpisha yule bwana njia. Nilimpa hata salamu, na nilimwonyesha bodaboda iliyonileta, maana ilikuwa inarudi mjini. Kisha nikalishika geti kwa mikono miwili nikaingia.

Miche yangu ilikuwa imesimama yote. Mstari kwa mstari, mpaka kule kaburini kwa bibi, na katikati yake mbaazi na maboga ya watu. Lukasi alikuwepo, ameketi chini ameegemea mwimo kwa ndani, shati limechanika begani. Walinieleza wote kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Ng'ombe walipolisukuma geti, Lukasi alilikimbilia kwa ndani na kuweka bega, na Mwanakombo akaweka mgongo, na yule mzee wa choroko akaweka mgongo, wakajazana hapo wote mpaka mchungaji akapiga mluzi akaligeuza kundi likafuata minyaa kuelekea mtoni. Kweli aliwazungusha, na wao wakazunguka.

Mjomba Zuberi alikuwa amechuchumaa kwenye mche mmoja, anaugusa majani.

"Njomba," nikamwambia, "Nasra kajifungua. Wa kike."

Alinyanyuka polepole. Macho yake yalikuwa na maji na hakuyaficha. "Basi ni lako," akasema, kwa sauti ya kuwasikilizisha wote. "Lako, na la Nasra, na la huyo mdogo. Nimesema mbele ya watu, na sirudii."

Sikujua la kufanya na mwili wangu. Nilikimbia. Mtu mzima na bibi wa mtu, nilikimbia kati ya mistari na kanga inapepea, napiga vigelegele, nikifika kwenye mche nauinamia nautaja kwa jina la mjukuu ambalo bado hawajampa. Wanawake wakaitikia vigelegele kutoka kila upande. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo kwenye harusi yangu wala ya mtu mwingine.

Nikiwa katikati ya furaha hiyo, nikasikia nafokewa.

"Husna! We Husna!" Mwanakombo alikuwa amesimama na jembe, mkono kiunoni, amefura kwa hasira. "Umeingia umeliacha geti wazi! Unafikiri hapa hapana wenyewe? Rudi ukafunge!"

Nilirudi nikafunga.